Kuveti ya Pili

Nyumbani wananiambia nimebadilika, na siwabishii. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mtoto wa muuza viungo, na kwa miaka mingi manjano yalikuwa na wakili asiyelipwa, naye ni mimi. Mtu akiumwa goti, nilikuwa na neno. Mtu akitajwa kuwa ana saratani, nilikuwa nimeshatafuta makala ya kumsomea. Leo mtu akiniuliza kama manjano yanatibu, namrudishia swali: yakilinganishwa na nini? Wapo wanaosema usomi umenipanda kichwani. Natoa ushuhuda huu ili ijulikane kilichonigeuza ni nini hasa, maana hakikuwa kitabu wala hotuba ya mtu. Ilikuwa kazi ya maabara, ya kupima mwanga unaofyonzwa na maji ya rangi.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, na sifa za manjano nilizijua kwa tarehe. Nilijua kwamba rangi ile, yaani kurkumini, ilitenganishwa na mmea kwa mara ya kwanza mwaka 1815 na Vogel na Pelletier, na kwamba umbo lake lilifahamika mwaka 1910 kwa kazi ya Miłobędzka, Kostanecki na Lampe. Nilichokipenda zaidi ni kisa cha hataza. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponyesha vidonda. Baraza la utafiti la India, CSIR, likapinga kwa kuleta maandishi ya zamani, na mwaka 1997 madai yale yakafutwa. Kisa hicho nilikisimulia darasani kifua mbele: mnaona, hata wakubwa waliyataka! Lakini kesi ile iliamua jambo moja tu, kwamba maarifa yale hayakuwa mapya. Kama kidonda kinapona kweli, na kwa kiasi gani, halikuwa swali lililoamuliwa pale.

Nilipokwenda kusoma shahada ya uzamili nilitaraji kupewa ugonjwa wa kupambana nao. Msimamizi wangu akanipa swali la mistari miwili: kurkumini na jamaa zake huungana na thioli kwa kasi gani, na zikiungana, huachana?

"Hiyo ndiyo kazi yote, Profesa?"

"Anza nayo, mwalimu. Ukiimaliza utaniambia wewe kama ni ndogo."

Thioli ni molekuli yenye atomu ya salfa iliyoshikana na haidrojeni. Mwilini zimejaa. Sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ni thioli, na enzimu nyingi hutenda kazi kwa kutumia salfa hiyo. Glutathioni nayo ni thioli, mnyororo mfupi wa asidi amino tatu, na ndani ya seli hupatikana kwa kiwango cha milimola 1 hadi 10 kwa lita, ambacho ni kingi kwa molekuli ya aina yake. Mojawapo ya kazi zake ni kuzidaka kemikali zenye njaa ya elektroni kabla hazijazifikia protini.

Kurkumini ina njaa hiyo, angalau kwenye karatasi. Kati ya pete zake mbili kuna daraja la kaboni saba, na ndani yake mna bondi maradufu zilizopakana na vikundi vya kabonili. Kabonili huvuta elektroni kwake, kaboni iliyo upande wa pili wa bondi maradufu hubaki na upungufu, na salfa hushambulia hapo. Muungano huo huitwa nyongeza ya Michael, kwa jina la Arthur Michael, mwanakemia wa Kimarekani aliyeuchunguza miaka ya 1880. Kama kurkumini inagusa protini mwilini kwa njia hii, basi kasi yake na thioli ni habari ya kwanza unayotakiwa kuwa nayo, kabla hujataja ugonjwa wowote.

Uzuri ni kwamba njia ya kupima imo ndani ya rangi yenyewe. Bondi maradufu zinazopishana na bondi za kawaida, kutoka pete moja hadi nyingine, ndizo zinazofyonza mwanga wa zambarau na buluu, kilele kikiwa karibu na nanomita 425. Macho yetu yanaletewa kilichobaki, nacho ni manjano. Thioli ikijibandika kwenye daraja, mfuatano ule unakatika na rangi inapungua. Huna haja ya kuiona molekuli. Unapitisha mwanga upande huu wa kuveti, yaani kichupa angavu cha kupimia, na kupima unaotokea upande wa pili. Usomaji wa 1 maana yake ni kwamba sehemu moja tu kati ya kumi ya mwanga imepita. Kurkumini ina rangi kali kiasi kwamba, ikiwa imeyeyuka vizuri, maikromola 10 tu kwa lita katika kuveti ya upana wa sentimita 1 zinatoa usomaji unaozidi 0.5. Na kwa kuwa usomaji unakwenda sambamba na kiasi kilichomo, nusu ya rangi ikipotea, nusu ya molekuli zimebadilika.

Zimebadilika kuwa nini, mashine haisemi. Hapo ndipo ushuhuda wangu unapoanza.

Maabara yetu ilikuwa na jozi moja ya kuveti za kwatzi. Fundi wa maabara, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, alinikabidhi mwenyewe na kunionyesha namna ya kuzishika. Kuveti ina pande mbili angavu na mbili zenye ukungu. Unaishika kwenye ukungu, unaifuta kwa karatasi laini, unaitazama kwenye mwanga kabla ya kuitia mashineni, maana alama ya kidole ikikaa kwenye njia ya mwanga nayo inahesabiwa kuwa rangi.

"Mwanangu," akaniambia, "hii utatia thioli, hii nyingine hutatia. Mengine yote yawe sawasawa. Na hii isiyo na kitu ndiyo uitazame zaidi."

"Mzee, itaniambia nini na haina kitu?"

"Utaniambia mwenyewe."

Nikatayarisha bafa ya fosfeti ya pH 7.4, yaani maji yasiyobadili pH kirahisi, nikaweka joto nyuzi 37, nikatia tone dogo la kurkumini iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO katika kila kuveti. Ya kwanza ilikuwa na glutathioni. Ya pili haikuwa nayo. Nikabonyeza, mashine ikaanza kuchora mistari miwili.

Mstari wa kuveti ya kwanza ulishuka polepole mno, karibu usimame. Wa kuveti ya pili, ile isiyo na thioli, ulikuwa unaporomoka. Nikazitoa, nikazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Yenye thioli ilikuwa bado na manjano yake. Isiyo na kitu ilikuwa imepauka. Nikarudia, nikabadilishana nafasi zake mashineni, matokeo yakawa yale yale.

Msimamizi wangu alipoona grafu hakushangaa, akanipa kazi za wenzetu nikasome. Zilikuwapo tangu miaka ya 1990. Mwaka 1997 watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba kurkumini ikiwekwa kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7.2, kwa nyuzi 37, takribani asilimia 90 yake huharibika ndani ya nusu saa. Haihitaji thioli, haihitaji enzimu. Ikipoteza haidrojeni ya pete zake kwenye maji yasiyo na tindikali, oksijeni ya hewa inaingia na molekuli inajikunja kuwa kitu kingine kisicho na rangi hiyo. Na glutathioni, ambayo mimi nilikuwa nimeiweka ili iivamie kurkumini, ilikuwa inazuia uharibifu huo. Hilo nalo lilikuwa limeshaandikwa mwaka 1996, pamoja na vitamini C iliyofanya kazi ile ile.

Fikirini mtu aliyepima kuveti ya kwanza peke yake. Angeona rangi inapungua kidogo, angeandika kwamba kurkumini inaungana na glutathioni kwa mwendo wa taratibu, angechora grafu nzuri, na kila tarakimu yake ingekuwa sahihi. Maana yake tu ndiyo ingekuwa kinyume. Katika kuveti ile thioli ilikuwa mlinzi, naye angeihesabu kuwa mshambuliaji.

Jambo lililonikaa zaidi ni kwamba wanawake wa kwetu walikuwa na nusu ya habari hii kwenye beseni la kufulia. Doa la urojo likiingia kwenye kanzu, ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu, kwa sababu sabuni ni alkali na kurkumini hubadili rangi kwenye alkali. Na kila anayefua anajua kwamba doa lile halimalizwi na kusugua, linamalizwa na jua: unaanika nguo, mwanga unaivunja kurkumini, jioni doa halipo. Kwa hiyo rangi ina njia nyingi za kuondoka. Kuna mwanga, kuna pH, kuna oksijeni, na kwenye bafa yenye maji mengi kuna hata kuganda chini kimyakimya, kwa sababu kurkumini haipendi maji. Thioli ni njia moja kati ya hizo, na haina haki ya kudai upungufu wote kabla zile nyingine hazijahesabiwa.

Baada ya hapo tukahamia kwa jamaa zake. Watafiti wengi wametengeneza molekuli zinazofanana na kurkumini ila daraja lake ni fupi, kaboni tano, lenye kabonili moja badala ya mbili. Inayojulikana zaidi ni EF24, iliyotoka Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Sisi tulianza na iliyo rahisi kuliko zote, ile inayopatikana kwa kuchanganya benzaldihaidi na asetoni kwenye ethanoli yenye magadi makali ya sodiamu. Baada ya muda mfupi fuwele za manjano zinajaa kwenye chupa. Ukizichuja, ukizisafisha na kuzikausha, zinayeyuka karibu na nyuzi 111. Kilele chake cha kufyonza kiko karibu na nanomita 330, yaani nje ya mwanga unaoonekana, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mzee alizithamini kuveti zile za kwatzi. Za plastiki za kawaida zinaanza kuuzuia mwanga wenyewe kwenye mawimbi hayo.

Safari hii mstari wa kuveti ya pili ulilala. Saa ikapita, usomaji ule ule. Kuveti yenye thioli ikashuka vizuri, na nilipochora wigo mzima kila baada ya muda, mistari yote ya mwanzo ilikatana kwenye nukta moja. Nukta hiyo ni ishara kwamba kitu kimoja kinageuka kuwa kitu kimoja, hakuna wa tatu. Baadaye nukta ikaanza kuhama, na hiyo pia ilikuwa habari: molekuli ile ina bondi mbili za kushambuliwa, na thioli ya pili ilikuwa imeanza kuingia. Sasa ningeweza kusema neno "kasi" bila kusitasita. Unaweka thioli nyingi kupita kiasi ili wingi wake usibadilike, unachora logi ya tofauti kati ya usomaji na ule wa mwisho dhidi ya muda, unapata mstari ulionyooka ambao mwinamo wake ni kasi. Unarudia kwa viwango mbalimbali vya thioli. Mwinamo wa kasi hizo dhidi ya kiwango cha thioli unakupa mwendo wa kuungana, na pale mstari unapokata mhimili pana habari ya mwendo wa kuachana.

Kulikuwa na mtego mmoja ambao kila anayeifanya kazi hii huonywa mapema. Glutathioni ni tindikali. Ukiimimina kwenye bafa dhaifu bila kuisawazisha, pH inashuka, na hapo kasi inashuka nayo. Sababu ni kwamba kinachoshambulia si thioli kamili, ni ile iliyokwisha kupoteza haidrojeni yake. Kwenye pH 7.4, ni takribani 5 tu kati ya kila molekuli 100 za glutathioni zilizo katika hali hiyo. Teremsha pH kwa kizio kimoja, utabaki na nusu ya molekuli moja kati ya 100. Kwa hiyo unapima pH ya mchanganyiko wenyewe, wala si ya bafa iliyo kwenye chupa yake kabatini.

Jaribio lililonifurahisha kuliko yote ni la kuzimua. Mchanganyiko ukishatulia na rangi kubwa imeondoka, unaumimina kwenye bafa mara tisa ya ujazo wake. Kwa hesabu ya kawaida usomaji lazima ushuke mara kumi na ukae hapo. Ulishuka, kisha ukaanza kupanda. Tulipoacha mashine ikaendelea, molekuli zilikuwa zinaiachia salfa na kurudia umbo lake la kwanza, kwa kuwa thioli zilizokuwa zikizibana zimekuwa chache. Muungano ule unafungika na kufunguka. Molekuli inayoshika ikaachia inaweza kutembea kutoka glutathioni hadi protini, na kutoka protini hii hadi ile, na huwezi kuitangaza kuwa na mlengwa mmoja kwa sababu tu umeikuta imeshikamana na mmoja.

Nilipofika hapo, makala nilizokuwa nikizisoma zamani kwa shangwe nilizirudia kwa jicho jingine. Kurkumini hubadili rangi, hung'aa yenyewe ikipigwa mwanga, hushika madini ya chuma, huganda kwenye maji, huharibika kabla jaribio halijaisha. Kila sifa kati ya hizo inaweza kuifanya mashine iseme "imefanya kazi" pasipo kazi. Hata kipimo maarufu cha kuhesabu thioli, kile alichokitoa Ellman mwaka 1959, kinasomwa kwenye nanomita 412, mlangoni kabisa mwa kilele cha kurkumini yenyewe. Mwaka 2017 kundi la wanakemia wa dawa, likiongozwa na Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lilipitia kazi nyingi za kurkumini na kuandika kwamba majaribio kwa binadamu yalikuwa yamezidi 120, na kwamba hakuna jaribio lenye kundi la dawa bandia, ambalo mgonjwa na mganga wote hawajui nani kapewa nini, lililokuwa limefaulu. Wapo waliowapinga, na mjadala haujafungwa. Zamani ningewaita maadui wa tiba za asili. Nilipowasoma baada ya maabara, niliona wanauliza lile swali la mzee wangu: ile nyingine inasemaje?

Nimerudi kufundisha. Somo la kinetiki silianzi tena kwa fomula. Wanafunzi wanaloweka manjano kwenye spiriti, wanachovya vipande vya karatasi nyeupe, kimoja wanakiweka juani, kimoja kabatini, kimoja wanakipaka maji ya sabuni, kimoja hawakigusi. Kisha kila kundi linaeleza rangi imeondolewa na nini, na haliruhusiwi kutaja sababu ambayo halikuiwekea kipande cha kulinganisha. Mwanzoni wanalalamika kwamba kile kisichoguswa hakina maana. Baada ya wiki moja ndicho wanachogombania kukitunza.

Na kwa jamaa zangu nina maneno machache kuliko zamani. Mama mkubwa alinipigia simu baada ya kuuziwa vidonge vya manjano vyenye pilipili manga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyeyasomea haya mambo, nivinywe au nisivinywe?"

"Unatumia dawa gani za hospitali sasa hivi?"

Akanitajia, mojawapo ni ya kuzuia damu kuganda. Nikamwomba akamwonyeshe daktari kichupa kile kabla ya kufungua. Nilimweleza kwamba manjano ya kwenye mchuzi ni jambo jingine: kurkumini humo ni asilimia chache tu za unga, na nyingi hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Vidonge vimekamuliwa na kukolezwa, na pilipili manga imetiwa makusudi ili kiasi kikubwa zaidi kiingie mwilini. Madaktari nchini Marekani wamekwisha kuripoti watu walioumia ini baada ya kutumia bidhaa za namna hiyo. Aliniuliza kama basi nimeyakana manjano. Nikamwambia hapana, jana nimepika mchuzi nayo.

Kwa anayesoma ushuhuda huu akiwa na kichupa mkononi au tangazo kwenye simu, ombi langu ni dogo. Usimuulize muuzaji ni wangapi waliopona. Muulize wale ambao hawakupewa walikuwaje, na nani aliwahesabu. Akikosa jibu, hajathibitika kuwa mwongo, ila hajakuletea ushahidi bado, na fedha yako inaweza kusubiri.

Mimi mwenyewe bado nafanya kazi na jamaa za kurkumini wakati wa likizo, nikiangalia namna vikundi vinavyowekwa kwenye pete vinavyoongeza au kupunguza kasi ya salfa. Miongoni mwao wamo wasioharibika ovyo na wanaoshika kwa kiasi. Mmoja wao akija kuwa dawa, nitafurahi kuliko wengi, na bado nitaomba nionyeshwe mistari yote miwili.